Strontiamu ipi?

Haya wadau, mwenzenu nimerudi. Najua nimepotea kitambo, na wengine mlishaanza kunong'ona kwamba nimedisko. Sijadisko jamani, nipo. Nilikuwa nimefukiwa na ripoti ya mradi wa mwaka wa mwisho, na leo nataka niwasimulie kilichonikuta, halafu nitoe maoni yangu. Msiokubaliana nami msinipige mawe, tubishane kwa hoja.

Mradi wangu unahusu tando nyembamba za oksidi za kauri. Usikimbie kwanza! Kauri si vikombe na vigae tu. Kuna kauri zinazopitisha umeme, tena kuna zinazopitisha oksijeni katikati ya atomu zake zikipashwa moto wa kutosha. Hizo ndizo zinazotumika kwenye seli za fueli za oksidi, mashine inayochukua gesi upande mmoja na hewa upande mwingine, ikatoa umeme bila kuwasha moto wa kuunguza. Inafanya kazi kwenye joto kali, kati ya nyuzi 500 na 1000 za Selsiasi hivi, kutegemea aina.

Sasa kwenye upande wa hewa, oksijeni lazima itue kwenye uso wa kauri, ivunjike vipande, ipokee elektroni, halafu iingie ndani. Kazi yote hiyo inafanyika usoni. Ukiwa na kauri safi kabisa ndani lakini uso umechafuka, umekwama. Ni kama duka lenye bidhaa tele ila mlango umezibwa na magunia.

Na hapo ndipo anapoingia mhusika wetu mkuu, strontiamu. Kauri nyingi za upande huo zina strontiamu ndani yake kwa makusudi, maana inasaidia umeme kupita. Shida yake ni kwamba ikipata joto haitulii. Inapanda juu. Inajikusanya usoni, na ikizidi inatengeneza vijipele vya oksidi ya strontiamu ambavyo havipitishi umeme na vinaizuia oksijeni kutua. Siku zinavyokwenda seli inachoka, na umeme unapungua. Watu wanaotaka seli idumu miaka wanaumiza vichwa na jambo hilo hilo.

Swali la mradi wangu lilikuwa hili: ukiunyoosha au ukiubana utando wa kauri, strontiamu inapanda zaidi au inapungua?

Utauliza, kauri utainyooshaje na ukiivuta kidogo tu inavunjika? Ujanja uko kwenye msingi. Unachukua kipande cha fuwele, unakiweka ndani ya chumba kisicho na hewa, halafu unapiga kauri yako kwa leza. Inaruka mvuke, unatua juu ya ile fuwele na kujipanga atomu kwa atomu. Zile atomu za kwanza zinafuata mpangilio wa chini yake hata kama haziupendi. Wale tunaokaa hosteli tunalijua jambo hili. Mmebebana wawili kwenye kitanda cha futi tatu, utalala kwa upana wa kitanda, si kwa upana wa mwili wako!

Mfano wa kauri inayochunguzwa sana ni ile wanayoiita LSM, yaani La0.7Sr0.3MnO3: lanthanamu, strontiamu, manganizi na oksijeni. Nafasi kati ya atomu zake ni kama nanomita 0.388. Ukiiotesha juu ya SrTiO3 yenye nafasi ya nanomita 0.3905, inanyooshwa kwa kiasi kisichofika asilimia 1. Ukiiotesha juu ya LaAlO3 yenye nafasi ya karibu nanomita 0.379, inabanwa zaidi kidogo ya asilimia 2. Ukisikia asilimia 1 unacheka. Ila kwa atomu hicho si kitu kidogo, maana umbali huo ndio unaoamua atomu ishikane na jirani yake kwa nguvu gani.

Basi. Nikaingia kusoma. Mashine za kupima haya mambo hatuna, kwa hiyo mradi wangu ulikuwa wa kusoma kazi za watu, kulinganisha na kutoa hitimisho. Nikakutana na kazi ya mwaka 2011 ya kundi la Profesa Bilge Yildiz pale MIT, Marekani. Walilinganisha tando za LSM zilizonyooshwa na zilizobanwa. Wakakuta kwamba ule uliyonyooshwa ndio wenye mwelekeo mkubwa zaidi wa kukusanya strontiamu usoni, na pia ndiko nafasi tupu za oksijeni zinakopatikana kirahisi zaidi.

Nikafurahi sana. Nikachora mchoro mmoja safi, mshale mkubwa mwekundu: NYOOSHA, strontiamu inapanda. BANA, inatulia. Hitimisho nikaliandika kabla hata sijamaliza sura ya tatu. Nikaenda kula chipsi.

Ikafika siku ya semina ya idara. Nimevaa shati la kukopa, nimepanda mbele, mambo yanakwenda. Nikafika kwenye ule mchoro, nikaona hata Dokta anayenisimamia anatikisa kichwa kwa kukubali. Nikamaliza. Maswali? Kimya. Halafu dada mmoja wa mwaka wa pili, amekaa nyuma kabisa, akanyoosha mkono.

"Samahani kaka, unaposema strontiamu usoni, ni strontiamu ipi?"

Nikamwambia kuna strontiamu moja tu dada yangu, namba 38. Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Namaanisha ile iliyobaki ndani ya mpangilio wa fuwele ikaongezeka kwenye tabaka la juu, au ile iliyokwishatoka ikawa vijipele juu yake? Maana hiyo ya kwanza oksijeni bado inatua. Hiyo ya pili inaziba."

Wadau, nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe kipimo chenyewe kinaweza kuzitenganisha. Wanamulika uso kwa eksirei, elektroni zinaruka, na ukizipima nguvu zake zinakwambia strontiamu ile imeshikana na nani. Kwenye karatasi nilizozisoma ziko grafu zenye vilima viwili, kimoja cha strontiamu ya ndani ya fuwele, kingine cha ile iliyokaa juu. Mimi nilikuwa nimezijumlisha zote, nikatoa namba moja. Nilimjibu kwamba nitalifanyia kazi. Mnajua wenyewe jibu hilo maana yake nini.

Nikarudi chumbani, nikaanza kusoma upya, safari hii polepole. Na ndipo nikakutana na kitu kilichoninyima usingizi.

Mwaka 2018 kundi la WooChul Jung wa KAIST, Korea Kusini, lilichapisha kazi kuhusu kauri nyingine, SrTi0.5Fe0.5O3. Nao walitumia kunyoosha na kubana. Walichokiona ni kwamba kwenye kauri hiyo strontiamu yenyewe tayari imebanwa kwenye nafasi yake. Ule mbano unalegeza mshikamano wake na oksijeni, na hapo ndipo inapopata mwanya wa kupanda juu. Dawa yao ilikuwa kuupa mpangilio nafasi zaidi. Waliongeza hata ayoni kubwa zaidi, yenye chaji ileile na ile iliyoichukulia nafasi, na ziada ya strontiamu usoni ikapungua kweli kweli.

Yaani hapa mbano ndio mkosaji! Mshale wangu mwekundu ukageuka kichwa chini miguu juu.

Nikawaeleza jamaa zangu wa chumbani. Mmoja akasema, "Mshkaji, hiyo ya 2018 itoe. Nani atajua? Zimebaki siku kumi, wewe kusanya upate A yako uende zako." Mwingine akasema, "Kwanza mambo yenyewe ya Wazungu na Wakorea, wewe yanakuhusu nini? Ungefanya mradi wa majiko banifu." Nakiri hapa mbele yenu kwamba kwa usiku mmoja mzima nilikubaliana na yule wa kwanza. Niliifuta aya. Nikaenda kulala. Sikulala.

Sasa maoni yangu ni haya.

Kwanza, zile kazi mbili hazigombani. Ni mimi niliyetaka sheria moja rahisi mahali ambapo hakuna sheria moja. Mwaka 2013 kundi la Yildiz lilionyesha kwamba kuna nguvu mbili zinazoisukuma atomu ya kupachikwa kwenda usoni. Moja ni ukubwa. Ayoni ya strontiamu ina nusu kipenyo cha nanomita 0.144, lanthanamu ina 0.136. Ukimpachika mnene kwenye kiti cha mwembamba atatafuta mlango, na uso ndio mlango. Walipojaribu kalsiamu, strontiamu na bariamu, tofauti ya ukubwa ilivyozidi ndivyo na kupanda kulivyozidi. Nguvu ya pili ni chaji. Strontiamu ina chaji ya 2, lanthanamu 3. Kwa hiyo strontiamu ikikaa kwenye kiti cha lanthanamu inaonekana kama ina upungufu, ni hasi ukilinganisha na jirani zake. Nafasi tupu za oksijeni nazo ni chanya. Zikijaa usoni, zinaivuta strontiamu.

Sasa rudi kwenye kubebana. Kwenye LSM strontiamu ni mbebwaji, kaja kwenye kitanda cha lanthanamu. Kwenye ile kauri ya Wakorea strontiamu ndiye mwenye chumba, kiti ni chake mwenyewe, hana upungufu wa chaji kwenye nafasi ile. Ukinyoosha LSM unampunguzia mgeni msongamano, sawa, lakini pia unarahisisha nafasi tupu za oksijeni kutokea usoni, nazo zinamvuta juu. Ukiinyoosha ile nyingine, unampa mwenyeji nafasi ya kupumua na anabaki kwake. Mkono ni uleule unaovuta, majibu mawili tofauti. Hayo ndiyo maelezo yanayoniingia mimi akilini nikizisoma kazi zote pamoja.

Na kuna kazi nyingine inayotia nguvu sehemu ya chaji. Mwaka 2016 watafiti wa MIT walichukua kauri ya lanthanamu, strontiamu na kobalti, wakaweka usoni kiasi kidogo sana cha hafniamu, chuma kisichopenda kuachia oksijeni yake. Nafasi tupu usoni zikapungua, strontiamu ikatulia, na kasi ya uso kupokea oksijeni ikafika hadi mara 30 ya ule usiotibiwa. Hakuna aliyenyoosha kitu hapo. Walibadili uso tu.

Pili, na hili ndilo linaloniuma: nadhani tunaupenda sana mkazo kwa sababu una namba nzuri. Asilimia 0.7, asilimia 2. Unaiweka kwenye mhimili wa chini wa grafu, unachora mstari, umemaliza. Lakini namba hiyo mara nyingi imekokotolewa tu kutokana na msingi, kana kwamba utando lazima umtii. Wapi! Utando ukizidi unene fulani unachoka kuvumilia, unajilegeza, unatengeneza kasoro ndani yake. Ukipashwa moto, msingi na utando havitanuki sawasawa. Oksijeni ikitoka, kauri yenyewe inavimba. Kwa hiyo mkazo uliouandika asubuhi kwenye joto la chumbani sio lazima uwe ule ule uliopo saa ile strontiamu inapanda kwenye nyuzi 600.

Tena huwezi kubadili msingi ukabadilisha mkazo peke yake. Msingi tofauti unaleta kasoro tofauti na namna tofauti ya kuota. Ukiona tofauti usoni, una uhakika gani ni mkazo?

Kwa hiyo mimi nasema hivi, na nitasimama hapo. Anayetuambia kwamba mkazo umebadili uso wa kauri atuambie mambo manne. Mkazo ameupima kwenye utando wenyewe au ameukisia kutokana na msingi? Utando una unene gani na umeshajilegeza au bado? Umepita kwenye joto gani, gesi gani, kwa muda gani kabla ya kupimwa? Na la nne, la yule dada: strontiamu ipi, ya ndani au ya juu, na kipimo kimeona kina cha nanomita ngapi? Bila hayo manne grafu ni pambo. Wapo watafiti wanaoyatoa yote bila kuombwa, nawavulia kofia. Nasema juu yetu sisi tunaowasoma haraka haraka, tukachomoa mshale mmoja tukauita sheria.

Najua kuna hoja upande wa pili. Dokta mwenyewe aliniambia, "Kijana, ukidai kila kitu kabla ya kusema chochote, hutasema kitu maisha yako yote. Mfano rahisi ndio unaofungua njia." Ni kweli. Bila wale wa 2011 kuthubutu kulinganisha kunyoosha na kubana, hata hilo swali lisingekuwepo. Sikatai mfano rahisi. Nakataa kuuhamisha mfano kutoka kauri moja kwenda nyingine bila kuangalia nani mwenyeji na nani mgeni. Atakayetengeneza seli kwa kufuata mshale wangu mwekundu, akabana kauri isiyotaka kubanwa, ataipata hasara baada ya miezi kadhaa, wakati mimi nimeshavaa joho na kupiga picha.

Na kwa jamaa yangu wa majiko banifu: nakuheshimu, mradi wako ni mzuri. Ila usiniambie hili halinihusu. Mashine sina, hilo kweli. Leza ya kuoteshea tando sijawahi kuiona kwa macho. Lakini kuweka kazi mbili mezani na kuuliza kwa nini hazifanani hakuhitaji leza. Kunahitaji uvumilivu na kukubali kuaibika. Yule dada hakuwa na mashine yoyote siku ile. Alikuwa na daftari la kurasa 96 na swali la maneno mawili.

Mwisho wa yote? Asubuhi niliirudisha ile aya. Nikaufuta mshale. Badala yake nikaweka jedwali: kauri gani, strontiamu ni mgeni au mwenyeji, imenyooshwa au imebanwa, imepimwaje. Masanduku mengine yamebaki matupu kwa sababu karatasi husika haikusema, nami nimeyaacha matupu hivyo hivyo. Ripoti ikachelewa siku sita, na kwa kanuni za kozi yetu kuchelewa kunakatwa alama. Zimekatwa. A imeota mbawa. Mama alipopiga simu kuuliza matokeo nilimwambia, "Mama, nimepata B, lakini ni B ya halali." Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa hiyo A ingekuwa ya nini mwanangu?" Sikumjibu, maana salio lilikuwa linaisha na maelezo ni marefu.

Yule dada wa mwaka wa pili nilimtafuta nikamkuta kafteria. Nilimwomba radhi kwa kile kichekesho cha namba 38. Akasema hakijamuuma. Kisha akatoa daftari, akaniuliza kama kwenye jedwali langu nimeandika unene wa kila utando. Kwenye safu mbili nilikuwa sijaandika. Ndiyo nipo hapa nazitafuta, ripoti imeshakusanywa na alama zimeshatoka.

Haya, ngoja nirudi kwenye kazi. Mwenye hoja aje nayo, hata kama ni ya kunipinga. Tupo pamoja.